Hesabu za Usiku

Mimi ndiye niliyeanza kuhesabu.
Si yeye. Yeye angehesabu nini,
mtu anayetoka usingizini kama aliyeitwa,
anapapasa ndala, anagonga ndoo, anarudi.
Mara ya kwanza. Ya pili. Ya nne.
Jogoo wa Ipole akiwika nilikuwa na vidole sita,
na masikio yangu, Mungu anisamehe,
yalikuwa yamemfuata hadi ukuta wa mabua wa choo:
kimya, kimya, tone,
kimya,
kama mzinga uliokwisha asali na mtu bado anakinga kata.

Nikamwambia, Mihayo, twende Kitete.
Akasema, uzee.
Nikamwambia, uzee hauna damu.
Akanyamaza. Hakujua kama niliiona.
Mwanamke anayefua ndiye anayesoma.

Kilabuni walimweleza jinsi wanavyopima.
Akarudi ameapa: kidole? Mimi?
Nilicheka mpaka nikakaa chini.
Mwanamume wewe, miaka arobaini
unapanda miti na moshi mkononi,
unagonga gogo, unasikiliza,
unaingiza mkono hadi kwenye kiwiko
kwa nyuki ambao hawajakuamkia,
kujua tu masega yameiva ama yameoza.
Uliwahi kuwaomba radhi?
Daktari ataomba.

Na kweli aliomba.
Dokta Nzobonariba, binti wa Kasulu,
jina refu kuliko kipimo chenyewe.
“Baba, vuta pumzi.” Akavuta. “Basi.”
Mihayo akabaki ameelekea ukuta
akisubiri aibu ifike.
Haikufika. Nje mtu alikuwa anauza karanga.

Kisha damu kwenye kichupa, na nambari.
Kisha vipande vyembamba kama uzi wa nta,
kumi na viwili, vikapanda gari kwenda Mwanza
kusomwa na watu ambao hatutawaona sura.
Wiki tano.
Kungoja nako ni ugonjwa,
unapimwa kwa sufuria zinazoungua.

Jibu lilipofika, Dokta alichora tezi nyuma ya karatasi.
“Ya kijana ni kama furu. Yako, baba, ni limau,
na saratani imeshavuka ua.
Hatuing'oi. Tutaishindisha njaa.”
Sindano kila miezi mitatu,
na chakula tunachoinyima ni uanaume wake mwenyewe.
Mihayo akauliza, “Na mimi nitabaki nini?”
Dokta hakukimbilia kujibu. Nilimpenda kwa hilo.

Mwezi wa pili, usiku, akatupa shuka,
jasho linamtiririka, moto shingoni,
anadhani anakufa.
Nikampepea kwa ungo.
“Karibu,” nikamwambia. “Mimi nilipita njia hii
mwaka ule uliosema nimekuwa mkali bure.”
Akanitazama gizani.
Miaka arobaini na minane ya ndoa,
ndiyo kwanza ananiuliza: ilikuwaje?
Tuliongea mpaka taa ya sola ikafa.

Wakati wa kurina akaja kijana wa utafiti na dodoso.
Katika ukoo, nani mwingine?
Mihayo akamtaja baba yake, Kasubi,
aliyekufa akiulilia mkojo. Tulisema amefungwa,
tukachinja mbuzi wawili kumfungua.
Na Lugola, baba mdogo. Naye amefungwa. Mbuzi mwingine.
Kijana akaandika. Mbuzi hakuwaandika.
“Hii itanisaidia mimi?”
“Pengine siyo wewe, mzee.”
Akafikiri kama anayesikiliza gogo,
kisha akachovya dole gumba kwenye wino.
“Kidole kwa kidole,” akasema. “Hatudaiani.”

Jana nimempigia Machibya, kifungua mimba wetu, huko Nzega.
Ana miaka arobaini na sita, anaendesha fuso la watu.
Nikamuuliza habari za watoto, za tairi,
kisha: mwanangu, usiku unaamka mara ngapi?
Akacheka. “Mama, hayo nayo ni ya kuuliza?”
Mimi sikucheka.
Nikamsikia anazima injini.